Siku Dionis wa Ipole Alipohama Kiti

Wekeni chini vikombe, enyi watu wa Unyanyembe na viunga vyake. Mwenye mtoto mgongoni ambembeleze alale, mwenye simu aizime mlio, na mwenye safari aiahirishe kidogo, kwa maana habari hii si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Waliopita njia ya misafara zamani, wakitoka pwani kwenda Ujiji na mizigo vichwani, walisimulia simba wa Tura na kiu ya nyika ya Mgunda Mkali, na wakasifiwa kwayo mpaka leo. Lakini hawakubahatika kuona lile lililotendeka Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi wa chama cha wafuga nyuki mjini Tabora, ambamo Dionis Mayala wa Ipole aliinuka katika kiti chake akaenda kukaa katika kiti kingine. Naam, alikwenda. Walioona wapo hai, na baadhi yao ni watu wa kuaminika.

Huyu Dionis ndiye mtundika mizinga wa msitu wa Ipole, mpuliza moshi asiyepepesa macho, aliyeumwa na nyuki mahali pote panapotajika mbele ya watu na mahali pengine pasipotajika, wala asikimbie. Ndiye ambaye upepo ulipoezua paa la nyumba yake alikataa kwenda kulala kwa jirani, akabaki kitandani mwake akitazama nyota mpaka mabati yalipopatikana. Akisema hapana, hata katekista huiacha hapana hiyo ilivyo. Akikaa, amekaa, na ndugu zake walikwisha kujifunza kufagia kwa kumzunguka.

Na upande wa pili wa uwanja wa vita, karibu na mlango, alikaa Humaidi bin Murtadha wa mtaa wa Gongoni, mnunuzi wa asali na nta, mzao wa Waomani waliofika Tabora kwa miguu na kwa punda, mtu mwenye tumbo linalotangulia kuingia kila mahali na sauti inayofuata nyuma. Kati ya viti vya watu hawa wawili palikuwa na nafasi ya hatua chache tu, lakini kwa muda wa mwaka mzima hakuna aliyeivuka, wala aliyedhani itavukwa.

Sasa ni lazima nieleze chimbuko la uhasama, maana vita visivyo na sababu ni ugomvi wa mbuzi tu. Imepokewa kutoka kwa wazee kwamba babu mzaa babu yake Dionis alikuwa mpagazi, na babu mzaa babu yake Humaidi alikuwa mwenye msafara. Siku moja ya jua kali mpagazi huyo aliutua mzigo wake katikati ya njia, akamtazama tajiri wake aliyekuwa juu ya punda, akamwambia mbele ya msafara wote kwamba kati ya wale wawili anayejua njia ni yule wa chini. Watu wakashika vichwa, wakingoja kuona damu. Yule tajiri akacheka mpaka akaanguka. Tangu siku hiyo nyumba mbili zile zikawa watani, na utani huo ukarithiwa kama mashamba yanavyorithiwa, baba kwa mwana, mpaka ukawafikia Dionis na Humaidi, ambao waliutunza vizuri kuliko wote waliowatangulia. Walitukanana sokoni, walitukanana harusini, walitukanana kwa simu mpaka salio likaisha, na kila tusi lilikuwa kama kuambiwa nakuona, ndugu yangu, nakujua ulivyo, na bado nipo.

Na kila mtu wa nchi ile anajua kazi ya mtani msibani. Wengine wakilia, yeye huja kuchekesha. Huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake, huiba nyama jikoni, huingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na humsema marehemu maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa. Bila mtani, msiba hukaa kifuani hauna pa kutokea.

Basi, Wilbroad, kaka yake Dionis, alipofariki, Dionis hakulia. Alikuwa anamngoja Humaidi. Alilitundika koti la marehemu kwenye msumari wa barazani, mahali pa wazi, makusudi kabisa, ili mtani akifika alikwapue, alivae, aige kile kikohozi cha Wilbroad na kule kuchechemea kwake, na watu wapate kucheka na yeye apate kulia. Humaidi akafika. Akavua viatu. Akaketi mkekani kimya, mkono shavuni, kama mjumbe aliyetumwa na ofisi. Kisha akainuka, akamshika Dionis mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole sana, Mzee Dionis," akaingia garini akarudi Tabora.

Pole! Hata maadui zake walikuwa hawajapata kumpa Dionis pole namna ile. Jioni alilitoa koti msumarini mwenyewe, akalikunja, na tangu siku hiyo akamwita mtani wake Bwana Humaidi, na mwenzake akamwita Mzee Dionis, na heshima hiyo ikawa ukuta kati yao. Asali yake akawa anampelekea mnunuzi mwingine, mtu mpole asiye na neno la kumwambia. Nyumbani mkewe Recheli, kwa huruma, alijaribu kuishika nafasi iliyoachwa wazi. "Wewe mzee una masikio makubwa," alimwambia siku moja wakila michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Lakini alilisema kwa upendo, akamwongezea karanga, na tusi halikuingia. Dionis alimshukuru akatoka nje, na huko nje, mbele ya mizinga yake, alihisi upweke ambao hakuwa ameuhisi hata siku ya mazishi.

Ikawa katika siku hizo chama cha wafuga nyuki kikaamua kwamba wanachama wajifunze Kiingereza, kwa sababu wageni wanunuzi walikuwa wanakuja kutoka mbali, wakionja asali na kuzungumza wao kwa wao, na wenye asali wakibaki kutabasamu tu. Akaletwa mwalimu, Advera kutoka Igunga, binti mwembamba mwenye sauti ya wastani na chaki isiyovunjika. Dionis alijiandikisha. Siku ya kwanza alipoingia akamkuta Humaidi ameketi karibu na mlango. Kuondoka kungekuwa kushindwa, basi akaenda kukaa mwisho kabisa, dirishani. Na Humaidi naye, kwa sababu hiyo hiyo, hakuondoka. Hivyo kila Jumamosi mmoja alitoka Ipole kwa basi la alfajiri, mwingine akafunga duka lake, wakaja kujifunza lugha ya tatu ili wasizungumze katika zile mbili walizonazo.

Mwalimu Advera alikuwa na sheria moja. Kitenzi hakitoki darasani mpaka kimetendwa. Hakutaka kikaririwe, alitaka kitendwe kwa mikono na miguu mbele ya mashahidi, kila matumizi yake, na kila mwanafunzi awe ametenda angalau moja, ndipo watu waende nyumbani. Kwa sheria hiyo darasa lilikuwa limekwisha kula, kubeba, kuruka na kuanguka kwa Kiingereza, na siku ya kuanguka mwenyekiti wa chama aliteguka mguu.

Jumamosi ninayoisimulia, baada ya kumwamkia kila mzee shikamoo na kuitikiwa marahaba, mwalimu aliandika ubaoni neno moja, "change", akarudi nyuma akalitazama kama mtu aliyefungua zizi na hajui kitakachotoka.

"Wazee wangu na dada zangu," akasema, "hiki ni kitenzi cha mabadiliko, nacho ni mtumwa wa kazi zote. Sisi tuna kubadili, kugeuka, kubadilishana, kuvunja noti, kughairi. Waingereza mizigo yote hii wamempa huyu mmoja aibebe. Leo tutamfuata kila anapokwenda."

Wakamfuata. Kwanza aliwatoa wote nje waone hali ya hewa inavyobadilika, kwa kuwa kitenzi hicho kinaweza kufanya kazi peke yake bila kutendewa mtu. Wakasimama uani wakitazama juu. Mbingu ya Tabora ilikuwa nyeupe tangu asubuhi, ikabaki nyeupe. Baada ya kusubiri kwa adabu mwalimu alikubali kwamba matumizi hayo yataachwa mpaka masika, wakarudi ndani. Kisha Tunu, muuza nta, akabadili nguo, yaani alivua kitenge chake cha juu akajifunga kanga juu ya gauni, na darasa likampigia makofi. Kisha Majidi, dereva wa lori la njia ya Igunga, akapanda juu ya dawati, akaitoa taa iliyoungua iliyokuwa ikining'inia pale tangu ukumbi ulipojengwa, akaweka mpya. Taa ikawaka, na watu wakaona kwa mara ya kwanza rangi halisi ya dari. Majidi huyo huyo akaeleza namna abiria anavyoshuka Igunga akapanda basi jingine, akalitenda kwa kushuka dawati moja na kupanda la pili. Kuhusu kuvunja noti hawakuhangaika, maana neno hilo lilikwisha kuhamia kwetu likaitwa chenji, nasi huambiwa kila dukani kwamba haipo. Tunu akasimama tena akatangaza kwamba alikuwa ametaka kuondoka mapema akachote maji, lakini sasa ameghairi, na mwalimu akafurahi sana, akasema huko ndiko kubadili nia, na ndiko kugumu kuliko kote.

Watu wengine nao wakatenda yao, huyu akabadili upande wa kubeba mkoba, huyu akabadili mazungumzo yaliyokuwa yanamhusu. Hata jua lilipokuwa limepanda sana, mwalimu akaligeukia darasa, akapekua nyuso moja moja.

"Bado matumizi ya mwisho," akasema. "Watu wawili wanabadilishana nafasi. Huyu anakwenda kukaa kwa yule, na yule kwa huyu. Nani hajatenda?"

Waliokuwa hawajatenda ni wawili tu, na hakuna mtu wa chama kile asiyejua ni akina nani.

Hapa wapokezi wa habari wametofautiana. Majidi anashikilia kwamba mwalimu alikuwa hajui lolote, kwa kuwa ni mgeni aliyetoka Igunga. Tunu anashikilia kwamba alijua kila kitu, kwa kuwa Tunu mwenyewe ndiye aliyemwambia, wakati wakinunua vitumbua, na kwamba alimwambia mara kadhaa. Mwenye kusimulia hana upande. Anachojua ni kwamba chaki ya mwalimu ilielekezwa dirishani, kisha mlangoni, na haikutetemeka.

"Mzee Dionis. Mzee Humaidi. Tafadhali."

"Mwanangu," akajibu Dionis, na sauti yake ilitoka mbali, "mimi kiti hiki kinanitosha."

"Na mimi hapa mlangoni pananifaa," akasema Humaidi. "Napata hewa."

"Basi tutakaa," akasema Mwalimu Advera, akaketi, akakunja mikono.

Mzingiro ukaanza. Nje muuza maandazi alipita akiita, na hakuna aliyethubutu kumwita. Majidi alikumbuka lori lake lililoegeshwa mahali pasiporuhusiwa. Tunu, aliyeghairi kuondoka, aliyaona matunda ya kughairi kwake. Mwisho Majidi akashindwa kuvumilia.

"Wazee wangu, heshima yenu, lakini mnazingua," akasema. "Ni kiti tu. Si mnapishana hapo katikati, kila mtu anashika zake?"

Ndipo moyo wa Dionis ukamwambia maneno mengi kwa mkupuo mmoja. Ukamwambia kwamba aking'ang'ania, watu watasema Mzee wa Ipole anaogopa. Na akiinuka, Humaidi atasema ameshinda. Ukamwambia pia jambo la tatu, ambalo alilisikia vizuri kuliko yale mawili: kwamba amechoka. Alikuwa amechoka kuwa mtu anayeheshimiwa na kila mtu. Akashika mikono ya kiti chake cha plastiki, akasukuma. Kiti, kilichomzoea, kikainuka pamoja naye kidogo kabla ya kukubali kumwachia. Goti lake la kushoto likalia. Dionis Mayala akasimama.

Darasa zima likavuta pumzi. Mlangoni Humaidi naye, asije akahesabiwa mwoga, akaliinua tumbo lake na mwili wote uliolifuata.

Wakaanza kusogeleana. Njia kati ya madawati ilikuwa nyembamba, na chini yake palikuwa na mitego: mkoba wa Tunu, ndoo ya asali ya maonyesho, waya wa feni. Dionis akauruka mkoba. Humaidi akaizunguka ndoo kwa uangalifu wa mtu anayejua bei yake. Wakafika katikati, na hapo wakakwama, kwa kuwa njia ile ilimtosha mtu mmoja, na kila mmoja alimsubiri mwenzake arudi nyuma. Hakuna aliyerudi. Wakasimama uso kwa uso, karibu kuliko walivyokaribiana tangu siku ya mkekani.

"Bwana Humaidi," akanena Dionis. "Mimi nimeingiza mkono katika mizinga ya nyuki wakali usiyoweza kuitazama hata kwa darubini. Nimeanguka kutoka kwenye mti nikaamka nikapanda tena. Lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia siku ile ulipoketi mkekani kwangu umefunga mdomo. Nilikukosea nini? Ulinipa pole, Humaidi. Pole! Mimi na wewe! Ukanishika kwa mikono miwili kama diwani anayeomba kura. Watu wa Ipole waliniuliza, huyu mtani wako amekukataa lini? Kama uliuchoka utani wa babu zetu ungeniambia mapema, nikatafuta, ningali hai, mtani mwingine wa kunizika."

Humaidi alitazama chini, mahali ambapo miguu yake ingeonekana kama tumbo lisingekuwapo.

"Mzee Dionis," akasema, kisha akatikisa kichwa, akaanza upya. "Sikiliza. Wallahi, siku ile nilitoka Gongoni nimejiandaa. Njia nzima garini nilikuwa nafanya mazoezi, mpaka dereva akadhani nimerukwa na akili. Ningesema Wilbroad alikuwa mvivu, hata kufa hakufa mwenyewe, aliyaachia maradhi yamfanyie. Ningeingia kaburini nikaagiza chai. Nikafika, nikaliona lile koti kwenye msumari."

Akaukunja mkono wake mwenyewe, kuonyesha.

"Kiwiko kilikuwa kimekunjika bado. Unajua alivyokuwa anaukunja ule mkono. Kimekunjika vile vile, kama mkono umo ndani. Basi, ndugu yangu, yote niliyoyabeba yakaniishia hapa." Akagusa koo lake. "Nikawa natafuta tusi moja, hata dogo, hata la kitoto, silioni. Nikaona ningefungua mdomo ningelia, na mtani gani huenda msibani akalia? Nikakupa pole kwa sababu ndilo neno pekee lililobaki. Nikakimbia."

Tunu alikuwa ameivuta kanga yake mpya machoni. Majidi alikuwa anatazama dari kwa bidii, akiikagua taa aliyoiweka.

"Hukuukataa utani?" akauliza Dionis.

"Niukatae niende wapi?"

"Mbona hukurudi kuniambia? Mwaka mzima!"

"Nilirudi. Siku ya arobaini. Nilikukuta njia ya Sikonge, ukaniamkia, ukaniita Bwana Humaidi. Nikajua nimefukuzwa."

"Na wewe msibani uliniita Mzee."

"Nilikuita Mzee kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Basi na mimi nilikuita Bwana kwa sababu nilikuwa na hasira."

Wakatazamana. Hasira ya Dionis aliyoitunza mwaka mzima, aliyoilisha na kuifunika usiku isipate baridi, aliitafuta sasa pale ilipokuwa inakaa, akakuta pako wazi. Aliona haya, akaona pia furaha, na hakujua ataonyesha ipi kwanza.

"Wazee," akasema Mwalimu Advera kwa upole, "kitenzi bado."

Basi wakapishana. Na kwa kuwa njia ile haikumruhusu Humaidi kupita na mtu mwingine isipokuwa kwa namna moja, ilibidi washikane mabega, wageuke ubavu kwa pamoja, na kwa muda fulani pale katikati ya madawati wakawa wamekumbatiana, ingawa wote wawili wameapa hadi leo kwamba ilikuwa ni suala la nafasi tu. Walikawia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha wakaachana, na kila mmoja akaendelea mbele: Dionis wa Ipole akaufikia mlango, akakizunguka kiti cha adui yake, akakishika, akaketi. Kiti kilikuwa bado na joto. Na kule dirishani Humaidi akajishusha polepole katika kiti cha mkaidi wa Ipole, kikalalamika, kikastahimili.

Yamekwisha, enyi wasikilizaji. Ile safari iliyoshindikana mwaka mzima ilikuwa imefika mwisho wake, na hakuna ndoo iliyomwagika.

"Sasa mseme," akaagiza mwalimu, kwa kuwa kitendo bila sentensi kwake kilikuwa nusu kazi.

Dionis akasimama tena, akajikohoza, akaviweka viganja vyake juu ya dawati kama mtu anayekula kiapo. "We change places," akasema, kila neno peke yake, kama anayetoa masega mzingani. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Humaidi.

Humaidi hakusimama. Alikuwa akimtazama Dionis kule mlangoni, akimpima kuanzia kichwani mpaka miguuni kwa namna ambayo hakuna aliyeiona tangu Wilbroad alipokuwa hai. Midomo yake ikachezacheza. Alikuwa anatafuta, na mtu anayemfahamu angeweza kuona kwamba safari hii amepata.

"You change place," akasema Humaidi bin Murtadha, na kidole kikainuka. "But your face... no change! Ugly, ugly!"

Kwa faida ya wasiosoma, maana yake ni kwamba kiti umehama lakini sura ni ile ile, nayo ni mbaya, tena mbaya.

Mwalimu Advera aliinua chaki arekebishe sarufi, kwa kuwa palikuwa na mengi ya kurekebisha. Akamtazama Dionis, akaishusha.

Maana Dionis alikuwa amesimama na mdomo wazi. Kwanza mabega yake yalitikisika, kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, cha kumfanya mtu ashike ukuta. Na katikati ya kicheko hicho machozi yakaanza, yale ya Wilbroad, yaliyokuwa yamesubiri zamu yao tangu siku ya koti. Alicheka akalia, akalia akacheka, mbele ya wanachama wote, wala hakujifuta. Kisha akavuka ukumbi kwa haraka isiyolingana na goti lake, akaikwapua kofia kichwani mwa Humaidi, akaivaa mwenyewe.

"Hii hairudi," akamwambia. "Mpaka uje Ipole uingie kaburini kama ulivyokusudia."

"Nitakuja," akasema Humaidi, upara wake ukimeta chini ya taa mpya. "Nitakuja na mwiko. Mkeo anipikie, maana wewe hata nyuki wanakuuma kwa kukosea, wakidhani ni gogo."

Hivyo kikakamilika kitenzi cha mabadiliko, matumizi yake yote isipokuwa yale ya mbingu, mjini Tabora, mbele ya mashahidi wenye akili timamu. Mwalimu alifunga darasa. Lori la Majidi lilikuwa limekwisha kufungwa mnyororo na watu wa maegesho, na inasemekana alilipokea jambo hilo kwa moyo mwepesi, akasema aliyoyaona yanalingana na faini.

Dionis alirudi Ipole kwa basi la mchana, kofia ya darizi kichwani, akiwaitikia salamu watu waliomtazama mara mbili. Recheli alikuwa uani akianika matobolwa, viazi vitamu vilivyokwisha kuchemshwa. Alimwona mumewe akija, akaiona kofia, akayaona macho yaliyovimba, akaacha kazi yake.

"Kuna nini, baba? Nani amekufanya hivyo?"

"Humaidi," akasema Dionis. Alitaka kusema kwa ushujaa, lakini sauti ilimponyoka. "Humaidi amenitukana, Recheli. Mbele ya watu wote. Kwa Kiingereza."

Recheli aliushika mdomo wake kwa mikono miwili. Kisha akaiondoa mikono, akaelekeza uso juu, akapiga kigelegele kilichowaamsha kuku waliolala kivulini na kikavuka mashamba ya tumbaku mpaka upande wa pili wa barabara. Akapiga cha pili. Majirani wakatoka mbio, mmoja na jembe, mmoja na mtoto nusu ameoga, wakiuliza ni nani aliyejifungua.

"Hakuna aliyejifungua!" Recheli akawaambia, akicheka na kulia. "Njooni ndani, nawatilia chai. Mume wangu katukanwa!"